Kupima Bodi ya Kuendesha Mota Mbili kwa Kutumia Arduino

Soma kwanza swali hili.

Mwanafunzi ametengeneza kigari chenye mota mbili za mkondo mnyoofu. Kila mota ikijaribiwa peke yake inazunguka vizuri. Mota zote mbili zikiwashwa kwa pamoja, zinazunguka polepole, na mara nyingine mfumo wote unajizima na kuanza upya. Eleza sababu, na utaje vipimo ambavyo mwanafunzi angefanya ili kuthibitisha. (Alama 6)

Mtahiniwa asiyejiandaa huandika "betri imeisha" au "bodi ni mbovu", kisha anakwenda swali linalofuata. Majibu hayo hayana alama nyingi, kwa sababu betri iliyoisha isingezungusha hata mota moja vizuri, na bodi mbovu isingefaulu majaribio mawili ya kwanza. Katika somo hili utajifunza kupima bodi ya mota hatua kwa hatua, ili ujue tatizo lilipo. Fizikia utakayotumia umeshaisoma: sheria ya Ohm, ukinzani wa ndani wa betri, na sumakuumeme.

1. Kwa nini mota haiunganishwi moja kwa moja na Arduino

Arduino Uno ni bodi ndogo yenye kompyuta ya chipu moja, inayotumia volti 5. Pini zake hutoa ishara ya JUU (volti 5) au CHINI (volti 0). Pini moja inashauriwa itoe mkondo usiozidi miliampea 20, na kikomo chake cha mwisho ni miliampea 40.

Chukua mota ndogo ambayo koili yake ina ukinzani wa ohmu 6, ikipewa volti 5.2. Inapoanza, kabla haijazunguka, mkondo wake ni:

I = V ÷ R = 5.2 ÷ 6 = ampea 0.87, yaani miliampea 870.

Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya mkondo unaoshauriwa kwa pini. Kwa hiyo pini ya Arduino haipaswi kubeba mkondo wa mota. Kazi yake ni kutoa amri tu, na mkondo mkubwa unatoka kwenye betri kupitia bodi ya kuendesha mota.

2. Bodi ya L298N inavyofanya kazi

Bodi inayopatikana kwa wingi ni ile yenye chipu ya L298N. Ndani ya chipu hiyo kuna madaraja mawili ya H, moja kwa kila mota. Daraja la H lina transista nne zinazofanya kazi kama swichi, na mota hukaa katikati kama mstari wa kati wa herufi H. Swichi mbili za mshazari zikifungwa, mkondo hupita kwenye mota kutoka kushoto kwenda kulia. Mbili nyingine zikifungwa, mkondo hugeuka, na mota huzunguka upande wa pili.

Kila mota ina pini tatu za amri. Mota A ina ENA, IN1 na IN2. Mota B ina ENB, IN3 na IN4. Hali za mota A ni hizi:

ENA JUU, IN1 JUU, IN2 CHINI: mota inazunguka mbele.
ENA JUU, IN1 CHINI, IN2 JUU: mota inazunguka nyuma.
ENA JUU, IN1 na IN2 zinafanana: mota inafunga breki na kusimama haraka.
ENA CHINI: mota inaachiwa, inapungua mwendo yenyewe hadi kusimama.

Chipu hii inaweza kubeba hadi ampea 2 kwa kila daraja. Lakini mkondo hupita kwenye transista mbili kabla ya kurudi kwenye betri, na kila moja hubakiza sehemu ya volteji. Kwa mkondo wa karibu ampea 1, jumla inayopotea ni kama volti 2. Hivyo betri ya volti 7.2 huiachia mota takribani volti 5.2. Volti hizo mbili hugeuka kuwa joto:

P = V × I = 2 × 1 = wati 2 kwa kila mota.

Ndiyo maana chipu hii hubandikwa kwenye bapa la alumini lenye mapezi. Bapa hilo hutoa joto hewani.

3. Vifaa na uunganishaji

Utahitaji Arduino Uno na waya wake wa USB, bodi ya L298N, mota mbili ndogo, multimita, na seli sita za kuchaji za volti 1.2 zilizounganishwa kwa mfuatano (jumla volti 7.2).

Chanya ya betri iende kwenye tundu la volteji ya mota, na hasi iende GND ya bodi. Unganisha pini 9 na ENA, pini 8 na IN1, pini 7 na IN2. Kwa mota B, unganisha pini 10 na ENB, pini 5 na IN3, pini 4 na IN4. Bodi nyingi huja na vifuniko vidogo vya plastiki juu ya ENA na ENB. Vichomoe, la sivyo mota itabaki kwenye kasi kamili daima. Tundu la 5V la bodi ya mota liache wazi wakati Arduino inapata umeme wa USB, ili vyanzo viwili visipambane.

Kumbuka: GND ya Arduino lazima iungane na GND ya bodi ya mota. Volteji ni tofauti kati ya nukta mbili. Arduino ikisema "volti 5", maana yake ni volti 5 juu ya GND yake. Kama bodi ya mota haina GND hiyo hiyo, haina pa kuanzia kupimia, na amri hazieleweki. Mota itagoma au itashtukashtuka bila mpangilio.

4. Hatua za kupima

Kanuni ni moja: ongeza kitu kimoja tu katika kila hatua, na usiendelee mpaka hatua hiyo ifaulu. Ukiunganisha kila kitu kwa mara moja na mfumo ukagoma, una vitu kumi vya kushuku. Ukiongeza kimoja kimoja, cha kushuku ni kile ulichoongeza mwisho.

Hatua ya 1: Bila umeme. Kabla ya kuunganisha betri, pima ukinzani kati ya tundu la chanya na GND ya bodi. Ikisomeka karibu na sifuri, kuna mguso wa moja kwa moja. Tafuta waya uliogusana na mwenzake kabla ya kuweka betri.

Hatua ya 2: Arduino peke yake. Andika programu inayoweka pini 8 JUU kwa sekunde mbili, kisha CHINI kwa sekunde mbili. Pima volteji kati ya pini 8 na GND. Isomeke karibu volti 5, kisha 0. Rudia kwa kila pini utakayotumia.

Hatua ya 3: Bodi bila mota. Unganisha betri. Weka ENA JUU, IN1 JUU, IN2 CHINI, kisha pima kati ya matundu mawili ya kutokea ya mota A. Utaona volteji iliyo chini kidogo ya ile ya betri. Badilisha IN1 na IN2. Kipimo kibaki karibu vilevile lakini alama igeuke kuwa hasi. Hapo umethibitisha kuwa daraja linageuza mkondo. Fanya vivyo hivyo kwa upande B.

Hatua ya 4: Mota moja. Inua kigari ili magurudumu yasiguse meza. Unganisha mota A tu. Izungushe mbele, isimamishe kwa sekunde moja, kisha nyuma. Kisha ichomoe na ujaribu mota B peke yake.

Hatua ya 5: Kasi. Pini 9 na 10 za Arduino zinaweza kuwasha na kuzima ENA na ENB mara 490 hivi kwa sekunde. Namba unayoandika, kuanzia 0 hadi 255, huamua sehemu ya muda ambayo pini inakuwa JUU. Ukiandika 102, sehemu hiyo ni 102 ÷ 255 = 0.4. Mota yenye volti 5.2 hupata wastani wa 0.4 × 5.2 = volti 2.08. Kwa namba ndogo sana mota huvuma bila kuzunguka, kwa kuwa nguvu yake haijaushinda msuguano. Huo si ubovu.

Hatua ya 6: Mota zote mbili. Weka multimita kwenye vichwa vya betri, kisha washa mota zote kwa pamoja. Soma volteji wakati zinaanza. Kisha gusa bapa la alumini kwa tahadhari baada ya dakika moja. Kama huwezi kuliacha kidole, zima umeme, kwani mota zinavuta mkondo mkubwa mno.

5. Hesabu tatu zinazoeleza matokeo

(a) Mkondo hupungua mota ikizunguka. Koili inayozunguka ndani ya uga wa sumaku huzalisha volteji yake inayopinga ile ya betri. Ikiwa mota yetu inavuta ampea 0.2 ikiwa kwenye mwendo, ukinzani wa koili unatumia 0.2 × 6 = volti 1.2. Zilizobaki, 5.2 − 1.2 = volti 4.0, ndiyo volteji inayopinga. Mota ikikwama, volteji hiyo inatoweka na mkondo unapanda hadi ampea 0.87.

(b) Kugeuza mwendo ghafla ni hatari. Ukigeuza mota iliyo kwenye kasi, kwa kitambo kidogo volteji yake haipingi tena ile ya betri bali inaiongezea. Tukichukulia kuwa upotevu ndani ya chipu haubadiliki:

I = (5.2 + 4.0) ÷ 6 = ampea 1.53.

Ndiyo sababu katika hatua ya 4 ulisimamisha mota kwanza.

(c) Betri huanguka volteji. Tuseme betri inasoma volti 7.2 bila mzigo, na 6.4 mota mbili zinapovuta jumla ya ampea 1.6. Ukinzani wa ndani ni:

r = (7.2 − 6.4) ÷ 1.6 = ohmu 0.5.

Kila mota sasa inapata takribani 6.4 − 2 = volti 4.4 badala ya 5.2. Isitoshe, kipunguza volteji kilicho kwenye bodi kinahitaji kama volti 7 ili kitoe volti 5 kamili. Arduino ikiwa inategemea volti 5 hizo badala ya USB, volteji yake itashuka na inaweza kujizima na kuanza upya.

6. Dalili na mahali pa kutazama

Mota haizunguki, lakini hatua ya 3 ilifaulu: kagua waya za mota na viungio vyake.
Mota inashtukashtuka: kagua muungano wa GND.
Mota moja inazunguka kinyume: badilishana waya zake mbili kwenye bodi.
Mota ina kasi moja tu: kagua kifuniko cha ENA au ENB.
Moja moja ni sawa, pamoja zinagoma: pima volteji ya betri chini ya mzigo.

7. Jibu la mfano la swali la mwanzo

Mota mbili zikianza kwa pamoja huvuta mkondo mkubwa, kwa sababu hazijazunguka na hazijazalisha volteji ya kupinga. Mkondo huo hupita kwenye ukinzani wa ndani wa betri, hivyo volteji ya vichwa vya betri hushuka. Mota hupata volteji ndogo na kuzunguka polepole. Volteji ya Arduino nayo ikishuka, inajizima, mota zinasimama, betri inapanda tena, na mfumo unaanza upya. Ili kuthibitisha, mwanafunzi apime volteji ya betri bila mzigo, kisha mota moja ikiwaka, kisha zote mbili. Pia aipe Arduino umeme wa USB huku GND zikiwa zimeungana. Ikiacha kujizima, sababu imethibitishwa.

Angalia kwamba jibu limetaja sababu, likaonyesha jinsi sababu inavyoleta dalili, na likatoa kipimo. Swali la "eleza" linataka mnyororo huo wote.

8. Maswali ya kujipima

1. Koili ya mota ina ukinzani wa ohmu 4 na inapewa volti 6. Tafuta mkondo wake ikiwa imekwama.
2. Mota hiyo hiyo ikizunguka inavuta ampea 0.5. Tafuta volteji inayopinga.
3. Bodi ya L298N ina diodi nane kuzunguka chipu. Eleza kazi yake.

Majibu

1. I = 6 ÷ 4 = ampea 1.5.
2. 6 − (0.5 × 4) = volti 4.
3. Mkondo wa koili ukikatwa ghafla, uga wa sumaku unaanguka na kuzalisha volteji kubwa. Diodi huupa mkondo huo njia salama ya kupita, ili volteji hiyo isiharibu transista za chipu.