Mhimili wa Nyuma na Ulinganifu wa Magurudumu: Ufundi na Istilahi

Katika mji wa Mikinduri, Kaunti ya Meru, pikapu hubeba miraa na mazao mengine kupitia barabara za miinuko ya Nyambene. Aghalabu magari kama hayo huongezewa springi za nyuma ili yahimili uzito. Marekebisho hayo yasipofanywa kwa uangalifu, gari huanza kwenda upande mithili ya kaa. Makala haya yanafafanua chanzo cha hitilafu hiyo na namna ya kuirekebisha.

Pikapu kama Toyota Hilux ina mhimili mmoja mzima wa nyuma, ambao makanika huuita ekseli. Ekseli hufungwa kwenye springi kwa yubolti. Kichwa cha senta bolti, yaani bolti inayopenya katikati ya springi, huingia katika tundu la kikalio cha ekseli na kuizuia isisogee. Yubolti zikilegea, senta bolti huweza kukatika na upande mmoja wa ekseli ukarudi nyuma.

Ichukuliwe kwamba magurudumu ya nyuma yameachana kwa milimita 1,500, na upande wa kulia umerudi nyuma milimita 10. Magurudumu hayo yataelekea kulia kwa milimita 20 katika kila mita 3. Dereva atalazimika kupinda usukani kulia ili gari liende moja kwa moja. Zaidi ya hayo, ekseli iliyolegea yaweza kusogea tena breki zikifungwa mteremkoni.

Wengi hukimbilia alaimenti ya mbele. Kurekebisha tairodi hunyoosha usukani tu. Kombo la nyuma hubaki. Inafaa kwanza kupima, kila upande, umbali kutoka pini ya mbele ya springi hadi ekseli. Vipimo vikitofautiana, gari huinuliwa na kuegemezwa imara, yubolti hufunguliwa, senta bolti hubadilishwa, ekseli hurejeshwa mahali pake, na yubolti hukazwa kwa usawa. Vipimo vikilingana ilhali gari lingali linakwenda upande, chesisi ichunguzwe. Alaimenti ya mbele ndiyo hatua ya mwisho.

Kwa mwanaistilahi, hapa pana funzo. Katika gereji, neno alaimenti aghalabu huashiria kazi ya magurudumu ya mbele pekee. Istilahi "ulinganifu wa magurudumu" hujumuisha yote manne, hivyo humwelekeza fundi kuanza nyuma, kwenye asili ya kombo. Istilahi sahihi, basi, si pambo la kamusi. Huenda ikaokoa maisha ya abiria.