Kileo cha Mama Humfikia Mtoto Tumboni

Mama wengi wa Ndosho huuliza kama kopo moja la kasiksi laweza kumdhuru mtoto ambaye hajazaliwa. Husema, "Mama yangu alikunywa, nami nikazaliwa mzima." Sikilizeni basi.

Chakula cha mtoto hutoka katika damu ya mama, hupita katika kondo na kitovu. Kileo hupita njia iyo hiyo. Ini la mama hukiondoa polepole, lakini ini la mtoto ni changa mno kwa kazi hiyo. Na ubongo huanza kujengwa katika majuma ya kwanza, kabla mama hajajua ana mimba, nao hukua hata siku ya kuzaa. Kwa hiyo hakuna mwezi wala kipimo tunachoweza kukiita salama, kiwe cha kasiksi au cha kanyanga. Mke wa Manoa alikatazwa divai na kileo alipokuwa karibu kuchukua mimba ya Samsoni. Someni Waamuzi, mlango wa 13.

Mwaka 1968 mganga Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 waganga wa Seattle, Marekani, walieleza alama kama hizo: kichwa kidogo, macho madogo, mdomo wa juu mwembamba. Lakini wengi hawana alama usoni. Hujulikana shuleni tu, maana husahau upesi na hawatulii. Ndipo jirani husema mtoto amelogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi! Hakulogwa. Ubongo wake uliumizwa kabla hajazaliwa.

Kuna na vidonge vya tramadoli. Kitovu kikikatwa, mtoto aliyevizoea hukosa dawa ile. Hutetemeka, hulia kwa sauti kali, hashiki ziwa vizuri. Uambukizo na upungufu wa sukari katika damu huleta alama kama hizo, kwa hiyo mama akificha, tunapoteza saa nyingi tukitafuta. Mama mmoja alinyamaza siku 2, kwa kuwa mama mkwe aliketi kando ya kitanda. Nilipomtuma mama mkwe kuchota maji, ndipo aliposema. Tangu siku ile ninauliza tukiwa wawili tu.

Mama aliyezoea vidonge au pombe kali kila siku asiache ghafula akiwa peke yake, kwa maana hiyo nayo ni hatari kwake na kwa mtoto. Aje kwetu mapema, tumsaidie kupunguza kidogo kidogo. Nawe baba, usimpelekee chupa ukidhani pombe huongeza maziwa. Haiongezi, tena huingia katika maziwa yenyewe.