Je, bomba la povu lafaa kuoshea gari nyumbani?

Marehemu ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mke, watoto wanne na gari moja aina ya Toyota Corolla, rangi ya buluu iliyoiva hata yakaribia weusi. Alipofariki, nilikabidhiwa mimi funguo za gari hilo. Likawekwa uani kwangu Kisauni lingoje mambo ya mirathi yamalizike mbele ya Kadhi, kisha liuzwe na kila mrithi apate fungu lake.

Nililipokea kama amana. Na kwa kuwa mali ya mayatima si kitu cha kuchezewa, nilijiwekea ada: kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, jua halijawa kali, naliosha. Nilichota ndoo ya maji kisimani, nikatia sabuni ya unga ya kufulia nguo, nikachukua kipande cha leso kuukuu na kusugua kuanzia paani hadi kwenye magurudumu. Kwa miezi saba sikukosa Jumamosi hata moja, ila ile niliyokuwa na homa.

Basi akaja mnunuzi. Hakuomba hata kufunguliwa mlango. Alilizunguka gari mara moja, akainama, akawasha tochi ya simu yake na kumulika boneti.

"Mzee," akaniuliza, "gari hii mwaiosha kwa msasa?"

Nilisogea nikatazama pale mwangaza ulipoanguka. Wallahi, msomaji, niliona haya. Boneti nzima ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba, imezungukana mithili ya utando wa buibui. Pengine kwenye gari jeupe isingeonekana, lakini kwenye rangi ile ya giza ilisomeka kama maandishi. Bwana yule akapunguza shilingi elfu thelathini papo hapo. Nilikataa kuuza, naye akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Hasara ile haikuletwa na mwizi wala ajali. Ilikuwa kazi ya mkono wangu mwenyewe, tena nikidhani natenda wema, na waliopunguziwa fungu lao ni watoto wa ndugu yangu.

Siku ya pili yake nililipeleka gari kwa fundi wa rangi ninayemwamini. Yeye hakushangaa. Alinieleza kwamba gari za siku hizi hupakwa rangi, kisha juu ya rangi hupakwa vanishi isiyokuwa na rangi, na vanishi hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Ndiyo ing'aayo, na ndiyo ikwaruzikayo. Kitambaa chenyewe hakina kosa kubwa. Mkosaji ni mchanga uliokaa juu ya gari, kwa maana punje ya mchanga ni ngumu kuliko vanishi, na mtu akisugua kabla ya kuiondoa, huwa anaizungusha punje hiyo huku na huku kama mtu anayenoa kisu.

Nasi wa pwani mchanga hatuukosi. Kaskazi ikivuma, gari lililolala uani usiku mmoja huamka na vumbi la kuandikika kwa kidole. Kuna chumvi ya bahari iletwayo na upepo. Na kuna kunguru, viumbe wasiokuwa na adabu, ambao hawajapata kuona gari safi wakalipita hivi hivi. Uchafu wao una ukali, ukikaa juani siku mbili tatu hula vanishi na kuacha alama isiyotoka kwa maji.

Sabuni yangu nayo ilinihukumu. Fundi alisema sabuni ya unga ni kali, imekusudiwa nguo, nayo huondoa nta inayoilinda rangi.

Wakati huo mwana mkubwa wa marehemu, ambaye hufanya kazi Dubai, alikuwa amekuja nyumbani kwa Idd. Nilipomsimulia yaliyonipata alicheka, akasema, "Ami, dawa yake ninayo. Nimekuja nayo."

Akafungua kisanduku. Mlikuwa na mashine ya umeme ya kurushia maji kwa nguvu, na chupa ya plastiki yenye mdomo wa shaba ambayo wenyewe huiita mzinga wa povu. (Mizinga niijuayo mimi ni ile ya Ngomeni iliyolala ikitazama bahari, lakini kila zama na silaha zake.) Maji ya mashine hupita kwa nguvu katika tundu la milimita moja na kitu, nayo yakipita huivuta sabuni iliyomo chupani. Mchanganyiko huo hukutana na hewa, ukapenya katika wavu wa waya uliosongamana, na kinachotoka nje ni povu zito jeupe.

Tuliiwasha. Watoto wa mtaa walijaa mlangoni, na kwa kweli ilikuwa tamasha. Kwa muda mfupi Corolla ya marehemu ilifunikwa yote kwa povu mfano wa pamba, likateremka polepole na kudondoka chini likiwa limegeuka rangi ya matope. Tukasuuza. Mashine ikakohoa mara mbili tatu, kwa kuwa maji ya tangi letu hayakuwa na msukumo wa kuitosha, kisha ikaendelea.

Tulipomaliza nilipitisha kidole juu ya mlango. Kidole kilitoka cheusi. Mchanga ulikuwa umeondoka, lakini utando mwembamba wa moshi na mafuta ya barabarani ulikuwa ungali pale pale. Nilipomwuliza mwanangu, alikiri kwamba hata huko Dubai baada ya povu lazima mkono upite. Basi hilo la kwanza mlijue, nyote mnaoona picha za povu likiteremka na gari likibaki linang'aa: povu peke yake haliogeshi gari. Kazi yake ni kulainisha uchafu na kuubeba mchanga, ili mkono utakapokuja usiwe na kitu cha kukwaruzia.

La pili lilinijia kwa njia nyingine. Mashine kama ile hunywa lita sita hadi nane kwa dakika. Nilipopanda kutazama tangi niliona tumetumia lita mia na ushei, yaani mitungi mitano ya lita ishirini ishirini. Nilipokuwa nikishuka, jirani yangu, mama mmoja mjane, alikuwa amesimama langoni na mitungi miwili mitupu, akimngojea hamali wa mkokoteni. Mifereji ilikuwa haijatoa maji kwa siku ya sita. Aliyatazama maji yenye povu yaliyokuwa yakitiririka njiani, akaniuliza kwa upole, "Leo nyinyi mmepata maji?"

Sikuwa na jibu. Nilimjazia mitungi yake miwili na hilo likapita, lakini lilinikaa moyoni. Tangu tukiwa wadogo tulisomeshwa chuoni kwamba Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia udhu kwa kibaba cha maji, na kukoga alikoga kwa pishi. Nami nilikuwa nimemwaga zaidi ya vibaba mia moja juu ya bati.

Simlaumu mwanangu. Huko aliko maji hutengenezwa kwa kusafisha maji ya bahari, na mfereji ukifunguliwa hutoa. Huku kwetu Mombasa maji hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na hata yakifika hayafiki kila nyumba kila siku. Chombo kilichoundwa kwa mji wenye maji hakina budi kupata taabu katika mji wenye mikokoteni.

Hata hivyo sikutaka kurudi kwenye leso na ndoo yangu. Fundi akaniambia lipo bomba dogo la mkono, lisilotaka umeme wala mfereji. Nililinunua mjini kwa shilingi elfu moja na mia mbili. Lafanana na lile la kupigia dawa ya mbu: chupa ya lita mbili, mpini wa kusukumia hewa juu yake, na mdomo wenye wavu ndani. Unatia lita moja na nusu ya maji na vijiko vinne vitano vya shampuu ya gari, unasukuma mara thelathini hivi, unabonyeza, povu latoka.

Jumamosi ya kwanza lilinivunja moyo. Lililotoka lilikuwa povu jembamba, lililoteremka kama maji ya mchele. Nikadhani nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe kosa lilikuwa maji. Yale ya kisima changu yana chumvi na chokaa, na kila mama wa pwani ajua kwamba sabuni haiumuki vizuri katika maji hayo. Nilipochota maji ya mvua niliyokuwa nimeyakinga kwenye pipa wakati wa masika, povu lilisimama likashika.

Nikaamua kupima kweli. Upande wa kushoto wa gari niliuosha kwa ndoo na kitambaa laini peke yake. Wa kulia niliupiga povu kwanza, nikangoja dakika nne kivulini, nikaliteremsha kwa kopo la kumwagilia maua, kisha nikapitisha kitambaa. Kila upande nilikuwa na ndoo yake ya kusuuzia kitambaa. Niliziacha ndoo mbili zile zitulie saa nzima, nikamwaga maji yake taratibu. Ile ya upande wa kushoto ilikuwa na mchanga wa kujaa kijiko cha chai. Ya kulia ilikuwa na punje chache tu chini.

Msomaji, mchanga ule wa kushoto wote ulikuwa umepita kati ya kitambaa changu na vanishi. Zidisha kwa Jumamosi za miezi saba, utaelewa yule bwana wa tochi aliona nini.

Lakini kwa upande wa maji sitaki kumdanganya mtu. Wako wasemao kwamba bomba la povu hupunguza maji. Labda kwa yule aliyezoea kuosha kwa mpira, maana mpira wazi humwaga lita kumi na zaidi kwa dakika. Mimi nilikuwa nikitumia ndoo moja na nusu, yaani lita thelathini. Kwa bomba, nikihesabu povu, maji ya kuliteremsha, ndoo mbili na kusuuza mwisho, natumia karibu lita arubaini. Nimezidisha nusu mtungi. Faida niliyoipata ni ya rangi, si ya maji, na nusu mtungi huo naufidia kwa kuosha kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, maana nimejua kwamba hata kuosha mno ni kukwaruza. Uchafu wa kunguru ndio hausubiri; huo naulowesha kwa povu kidogo siku ile ile, ukilainika nauinua kwa kitambaa cha maji bila kusugua.

Maji ya kisima siyatumii tena kwa kusuuza mwisho. Yakikauka huacha madoa meupe, na chumvi yake ikijificha chini ya milango na kwenye maungio ya bati huharakisha kutu.

Bomba lenyewe lina udhaifu wake. Nikishaosha nalipitisha maji matupu, la sivyo sabuni hukauka kwenye wavu ukaziba. Kabla ya kufungua mpini ni lazima hewa itolewe kwanza kwa kile kizibo cha pembeni. Mara moja nilisahau, nikakoga sabuni mimi badala ya gari. Ule mpira wa ndani nao hukakamaa, na usipakwe mafuta ya mgando kama tulivyozoea kupaka kila kitu, kwa sababu hayo huweza kuuharibu.

Mwenye gari jeupe la kazi, linaloshinda barabarani na matope, hana haja ya haya yote. Ndoo mbili na kitambaa laini zamtosha. Anayewapelekea vijana waoshaji naye aendelee kuwapelekea, wapate riziki yao, ila awaombe wamwage maji kwanza kabla ya kushika kitambaa. Na mashine kubwa na mzinga wake, kwa nyumba isiyokuwa na maji ya uhakika, sioni sababu ya mtu kutoa fedha yake. Lakini aliye na gari la rangi ya giza analotaka kulitunza, au gari lisilokuwa lake, basi bomba la mkono ni shilingi elfu moja na mia mbili zilizotumika vizuri.

Fundi aliing'arisha boneti, mikwaruzo mingi ikatoka. Alinionya kwamba kung'arisha huko ni kuila vanishi, na haifai kurudiwa mara kwa mara. Gharama niliitoa mfukoni mwangu, sikuiandika katika hesabu ya mirathi.

Mwanangu amerudi Dubai na mzinga wake umerudi kisandukuni, chini ya kitanda. Ndugu yake mdogo ndiye ajaye siku hizi alfajiri kunisaidia. Juzi nilinyoosha mkono nichukue kitambaa, akanizuia. "Ami, bado dakika mbili," akasema, macho yake kwenye povu lililokuwa likiteremka mlangoni mwa gari la babake.

Mnunuzi wa pili yuaja Jumatatu. Nimemwambia aje na tochi.