Nanga, Plau ya Chini ya Maji

Je, wajua kwamba mkulima wa Malampaka aliyewahi kushika plau nyuma ya maksai anaijua tayari nusu ya elimu ya nanga, hata kama hajawahi kulala ndani ya mashua?

Malampaka ni mji wa reli, wilayani Maswa. Maji makubwa ya Mkoa wa Simiyu yako Busega, kule Lamadi, kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Lakini mvua za kwanza zikishalainisha mashamba ya pamba, tazama plau inavyoanza kazi. Mnyororo unaotoka kwenye nira ukiwa mfupi, maksai huinyanyua plau badala ya kuizamisha: inakwaruza juu juu, inaruka, inaacha majani yamesimama. Mkulima haongezi uzito wowote. Anarefusha mnyororo. Mvuto unalala, ncha inainama, udongo unafunguka, na maksai wanaanza kuhema.

Nanga nayo ndivyo ilivyo. Wengi hudhani chombo hushikwa na uzito wa chuma, lakini nanga ya kilo 15 inaweza kuishika boti ya matanga ya tani tano kwenye upepo mkali. Kinachoshika ni udongo ulioizika. Jiwe lililofungwa kamba ndilo linalotegemea uzito, na hata huo hupungua: jiwe la matale, kama yale yaliyotapakaa Usukumani, likizama hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake. Linafaa kwa mtumbwi siku ya shwari, basi.

Aliyeunganisha shamba na maji kwa hesabu ni Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge aliyependa sana kusafiri kwa tanga. Mwaka 1933 alibuni nanga yenye umbo la jembe la plau, ikaitwa CQR, herufi ambazo zikitamkwa Kiingereza husikika kama neno la "salama". Nanga hiyo ilipokewa pia kwenye ndege za kutua majini, kwa kuwa huko nanga nyepesi yenye kushika ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Inanifurahisha kwamba akili kubwa kama ile iliona hazina katika chombo ambacho wakulima wamekikokota kwa maelfu ya miaka.

Sasa hesabu ya kamba. Kina kikiwa mita nne, na omo ya boti iko mita moja juu ya maji, jumla ni mita tano. Ukitoa kamba mita 15, mara tatu tu ya hiyo jumla, boti ikivuta kwa nguvu kamba itapanda kwa pembe ya karibu nyuzi 20, na nanga itanyanyuliwa kama ile plau ya mnyororo mfupi. Ukitoa mita 35, mara saba, pembe inashuka hadi nyuzi nane. Kipande cha mnyororo kati ya nanga na kamba husaidia zaidi, maana uzito wake huulaza mpini wa nanga chini. Huko pwani ongeza na maji ya bamvua: aliyepima wakati maji yamekupwa anaweza kukuta kina kimeongezeka mita tatu au zaidi yakijaa.

Lakini kutupa nanga si kutia nanga. Inateremshwa taratibu hadi iguse chini, boti inarudi nyuma huku kamba ikitolewa, kisha kamba inafungwa na injini inarudishwa nyuma polepole, halafu kwa nguvu zaidi. Hapo weka kiganja juu ya kamba, mbele ya omo. Nanga inayoburura husema: kamba inatetemeka, inakaza, inalegea, inakaza tena, kama plau inayopita kwenye changarawe. Iliyoshika inanyamaza, na kamba inakuwa ngumu kama fimbo. Kisha tazama ubavuni, uchague vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, tuseme mti mbele ya jabali. Vikianza kuachana wakati injini bado inavuta, unaburura. Baharini wengine huvaa miwani na kupiga mbizi wakaione nanga kwa macho. Ziwani, karibu na ufuko, sishauri, kichocho kipo.

Na kamba yenyewe ikaguliwe. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zikiwa zimetia nanga Mombasa, watu waliogelea usiku wakaanza kuikata kamba ya meli iitwayo Berrio. Walinzi walidhani ni jodari.

Ziwa Victoria lina mtihani wake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda ufukoni. Usiku hugeuka, na dhoruba za radi hukua juu ya ziwa. Boti iliyolala ikielekea ziwani jioni huzunguka ikaelekea nchi kavu, na nanga iliyozikwa kwa mvuto wa upande mmoja sasa inavutwa kutoka upande wa pili. Huenda ikageuka ndani ya matope bila kuachia. Huenda ikang'oka, ikabiringika na fungu la majani kwenye ncha, isizame tena. Kwa hiyo upepo unapogeuka, nahodha wa boti ndogo huamka, hujongea gizani hadi omoni, huinama, na kuweka tena kiganja juu ya kamba.