Miwani ya Cyrus Kabiru: ununue sanamu au picha?

Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi aliyezaliwa 1984, alijifunza kazi yake mwenyewe bila kupitia chuo cha sanaa. Miwani yake maarufu, C-Stunners, huiunda kwa waya, vizibo vya chupa na vyuma chakavu vya mitaani, kisha huivaa na kupigwa picha. Kwa hiyo mnunuzi ana njia mbili: sanamu yenyewe, au picha iliyochapishwa. SMAC Gallery ya Afrika Kusini imeonyesha zote mbili. Kabla hujachagua, fahamu kwamba bei ya galari ni sehemu tu ya gharama.

Sanamu

Kila miwani ni moja tu duniani, ndiyo maana bei yake huwa juu. Itazame kwa karibu: waya mwembamba umezungushwa na kukazwa kwa mkono, na kila kiungo ni mahali pa vumbi na kutu kuingia. Ukiishi Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi itaishambulia mapema, hivyo weka fedha za kasha la kioo. Ikitoka Afrika Kusini, ongeza sanduku la mbao, usafiri, bima na gharama za forodha. Omba makadirio ya yote hayo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Picha

Picha huchapishwa kwa idadi maalumu. Ukiona 3/10, hiyo ni nakala ya tatu kati ya kumi. Galari nyingi hupandisha bei kadiri nakala zinavyokwisha, basi anayewahi hupata nafuu. Inaweza kusafirishwa ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba, ukaipeleka kwa fundi wa fremu hapa nyumbani. Adui yake ni jua: gharamia kioo cha kuzuia miale, na usiitundike mkabala na dirisha.

Hesabu

Tuseme kazi imeandikwa shilingi 300,000 za Kenya. Uliza kwanza kama VAT imo. Ikiwa haimo, asilimia 16 ni 48,000, na utalipa 348,000 kabla ya fremu na usafiri. Katika ile 300,000, galari kwa kawaida hubaki na asilimia 40 hadi 50, kwa hiyo msanii hupata kati ya 150,000 na 180,000.

Hapo ndipo wengi hushawishika kumfuata msanii karakana wapunguziwe. Kwa kijana asiye na galari, fanya hivyo bila wasiwasi: fedha zote zinamfikia. Lakini kwa msanii mwenye mkataba na galari, kuizunguka galari hiyo ni kumharibia soko. Kamisheni ile hulipia maonyesho, katalogi, cheti cha uhalisi na kumbukumbu za nani amemiliki nini. Kizibo kikidondoka miaka kumi baadaye, galari ndiyo itakayokuunganisha na msanii airekebishe. Ukija kuuza, kwa mfano katika mnada ambao galari ya Circle Art ya Nairobi iliuanzisha 2013, karatasi hizo zitauliziwa kwanza.

Ushauri wangu

Mwenye nyumba ya kupanga, anayehamahama, achukue picha: ni nyepesi na haihitaji matunzo mengi. Sanamu inamfaa mwenye mahali pa kudumu, pakavu, na fedha za kuitunza. Galari nyingi hukubali malipo kwa awamu, kwa hiyo uliza bila haya. Na kama zote mbili zimekuzidi uwezo, tafuta kazi ndogo ya msanii chipukizi karakana, kwa mfano Nafasi Art Space, Dar es Salaam. Kazi nyingi za wasanii wetu hununuliwa na wageni na kuondoka nchini. Kila kazi inayonunuliwa na mwenyeji ni moja zaidi ambayo watoto wetu wataiona bila kupanda ndege.