Mkato au Doa: Taa za Rangi na Usomaji wa Mawe

Asomaye maandishi yaliyochongwa kwenye matumbawe, kama yale ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi yenye mwaka 500 Hijria (1107 Miladia), hukabiliwa na swali moja: alama hii ni mkato wa patasi au ni doa tu? Si swali dogo. Katika mawe ya baadaye yenye nukta, alama moja hugeuza re kuwa ze. Picha ya kawaida haisaidii, maana weusi wa kivuli na weusi wa doa hufanana.

Mwaka 1980 Robert Woodham alieleza njia: kamera isisogee, taa ndiyo ibadilishe upande. Kwa picha tatu za uso usiometameta, hujulikana mwinamo wa kila mahali na kiasi cha nuru panaporudisha. Baadaye taa nyekundu, kijani na buluu ziliwashwa pamoja kutoka pande tatu, picha moja ikatosha. Hapo ndipo penye mtego. Doa la kutu hurudisha wekundu zaidi, na kompyuta hudhani jiwe limeinamia taa nyekundu; doa likazaliwa upya kama mchongo! Njia hiyo hufaa uso unaocheka au kitambaa kinachopepea, vitu visivyongoja picha ya pili. Jiwe hungoja: lipigwe picha tatu kwa taa nyeupe.