Mwenye Timu ni Nani?

Katika shule zetu hakuna mazungumzo yanayoanza upesi na kumalizika kwa taabu kama mazungumzo ya mpira. Huyu asema timu fulani ilishinda kwa sababu ya mshambuliaji wake, yule asema ni mlinda mlango, na wa tatu amsifu mwalimu wa timu. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: timu hii ni mali ya nani? Hata hivyo swali hilo ndilo lililo chini ya mengine yote, maana mwenye timu ndiye amchaguaye mwalimu, na mwalimu huwachagua wachezaji kwa kadiri ya fedha alizopewa. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi mwenye timu awezavyo kuiinua timu ya wachezaji wa kulipwa, au kuiangusha. Tutatazama mifano ya Ulaya kwanza, kisha ya nchi jirani zetu.

Kwanza yatupasa kufahamu fedha za klabu zatoka wapi na zaenda wapi. Huingia kwa viingilio vya mlangoni, kwa malipo ya televisheni, kwa matangazo ya wafanya biashara, na kwa kuuza wachezaji. Kama hizo hazitoshi, hutoka mfukoni mwa mwenye timu au hukopwa. Sehemu kubwa kuliko zote hutumika kwa mishahara. Watu waliochunguza hesabu za vilabu vya Uingereza kwa miaka mingi wameona kwamba timu zinazolipa mishahara mikubwa, kwa kawaida, ndizo zinazomaliza msimu juu, na zinazolipa midogo humaliza chini. Mara moja moja mambo hugeuka, kama Leicester City walipochukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 mbele ya matajiri wote. Lakini ushindi ule ulisimuliwa dunia nzima kwa sababu ulikuwa wa ajabu. Basi, ikiwa mshahara ndio uwaletao wachezaji hodari, yule ashikaye mfuko ana neno kubwa katika ushindi, ingawa hapigi mpira hata mara moja.

Wenye timu si wa namna moja. Yuko aletaye fedha, yuko achukuaye fedha, na kuna timu zilizo mali ya wanachama wengi.

Mfano wa mwenye kuleta ni klabu ya Chelsea ya London. Kabla ya mwaka 2003 Chelsea walikuwa wameshika ubingwa wa ligi mara moja tu, mwaka 1955. Mwaka 2003 klabu ilinunuliwa na tajiri wa Kirusi, Roman Abramovich. Wachezaji na walimu wenye sifa wakaanza kumiminika. Katika enzi yake Chelsea walipata ubingwa wa ligi mara tano, na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara mbili, mwaka 2012 na 2021. Fedha alizoikopesha klabu zilifika kiasi cha pauni bilioni moja na nusu. Mashabiki walimwimba, wala hawakuuliza mengi.

Lakini nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja huanguka siku nguzo ile itikiswapo. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ilizuia mali za Abramovich. Kwa muda klabu haikuweza kuuza tiketi mpya wala kununua mchezaji. Mwezi wa Mei mwaka ule ule ikauzwa kwa kundi la Wamarekani. Wenye mali wapya walitumia zaidi ya pauni milioni 500 kununua wachezaji katika msimu wao wa kwanza, na timu ikamaliza katika nafasi ya 12. Iliwapasa kungoja hadi mwaka 2025 ndipo wakapata tena kombe la Ulaya, nalo lilikuwa lile la daraja la tatu, na katika mwaka huo huo Kombe la Dunia la Vilabu. Tunajifunza mambo mawili hapa: fedha zaweza kununua wachezaji kwa siku moja, lakini timu haijengwi kwa siku moja, na klabu inayomtegemea mtu mmoja huugua akiugua yeye.

Sasa tumtazame mwenye kuchukua. Mwaka 2005 klabu ya Manchester United ilinunuliwa na jamaa ya Glazer wa Marekani kwa bei ya pauni milioni 790 hivi. Sehemu kubwa ya fedha zile ilikuwa ya kukopa, na mkopo ule ukatwikwa klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni la kutajika. Ni kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa mkopo, kisha akamwambia ng'ombe alipe deni kwa maziwa yake. Tangu hapo mamia ya mamilioni ya pauni yamekwenda katika riba na malipo ya deni, fedha ambazo zingaliweza kununua wachezaji au kutengeneza uwanja.

Hata hivyo, msomaji mwenye kumbukumbu atauliza: mbona timu ile iliendelea kushinda? Swali ni la haki. Chini ya jamaa hiyo Manchester United walipata ubingwa wa ligi mwaka 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013. Jibu ni kwamba walikuwa na mwalimu mkubwa, Alex Ferguson, aliyekuwapo tangu 1986 na aliyejua kila kitu cha klabu tangu timu ya watoto hadi ya wakubwa. Mwalimu wa namna hii aweza kuficha udhaifu wa mwenye mali kwa miaka mingi. Lakini alipostaafu mwaka 2013, udhaifu ule ukatokea nje kama mawe mtoni maji yapunguapo. Hadi msimu wa 2025 ulipokwisha hawakuwa wamepata tena ubingwa wa ligi, ingawa walitumia fedha nyingi sana kununua wachezaji na walibadili walimu mara kwa mara. Mwezi wa Mei 2024, katika mchezo wao na Arsenal, mvua kubwa ilinyesha na maji yakamwagika kutoka paa la uwanja wao wa Old Trafford mbele ya macho ya watazamaji.

Lakini hasara ya kukosa ubingwa ni ndogo. Kuna klabu zilizokosa hata kuishi. Bury ni mji mdogo karibu na Manchester. Klabu yake iliundwa mwaka 1885, ikachukua Kombe la Uingereza mwaka 1900 na tena mwaka 1903, mara hii kwa mabao 6 kwa 0. Katika miaka ya karibuni wenye klabu walitumia kuliko walivyopata. Mwezi wa Desemba 2018 klabu iliuzwa kwa pauni moja tu, maana pamoja nayo mnunuzi alichukua madeni yake. Msimu ule wachezaji walicheza wakingojea mishahara isiyokuja, na juu ya hayo wakapanda daraja! Lakini mwenye klabu hakuweza kuonyesha fedha za kuendeshea timu, na tarehe 27 Agosti 2019 Bury walifukuzwa katika ligi waliyokuwamo tangu 1894. Wachezaji hawakukosa lolote uwanjani. Daftari ndilo lililowafukuza. Watu wa mji walikusanyika, na mwaka 2023 jina la Bury likarudi katika kiwanja chake cha zamani, lakini katika madaraja ya chini kabisa.

Portsmouth, mji wa bandari wa kusini, waliponea chupuchupu. Mwaka 2008 walichukua Kombe la Uingereza kwa wachezaji wa bei kubwa. Mwaka 2010 fedha zikaisha, wakawekwa mikononi mwa wasimamizi wa kufilisi, nao walikuwa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kupatwa na jambo hilo. Wenye timu walikuja na kuondoka. Timu ikashuka hadi daraja la nne. Mwaka 2013 mashabiki wenyewe walichanga, wakainunua. Hawakuahidi makombe. Walilipa madeni kwanza, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba wameyamaliza. Mwaka 2017 timu ikawa bingwa wa daraja la nne.

Hapo likaja jambo gumu. Uwanja wao ulikuwa umechakaa, na matengenezo yalihitaji mamilioni ambayo mifuko ya wanachama isingeweza kutoa. Tajiri wa Kimarekani, Michael Eisner, alitaka kununua. Wanachama wakakaa, wakasikiliza, wakapiga kura, na walio wengi wakakubali kuuza. Watu wengine huona kwamba walishindwa. Mimi naona tofauti: mara hii klabu iliuzwa ikiwa haina deni, na waliouza ndio waliochagua wa kumwuzia. Mwaka 2024 Portsmouth wakawa bingwa wa daraja la tatu, wakapanda tena.

Nchini Ujerumani wamelifanya jambo hili kuwa sheria. Tangu mwaka 1998 klabu zaruhusiwa kuwa makampuni, lakini kura zaidi ya nusu lazima zibaki mikononi mwa wanachama. Ni klabu chache tu zilizofunguliwa mlango, kama Bayer Leverkusen, timu ya kiwanda cha dawa cha Bayer tangu mwanzo wake. Faida ya sheria hii ni kwamba tajiri hawezi kuinunua klabu leo na kuibebesha deni kesho bila wanachama kukubali. Lakini tusidhani kwamba uanachama huleta usawa wa nguvu. Bayern Munich, yenye wanachama wengi mno na wafadhili wakubwa, ilichukua ubingwa mara kumi na moja mfululizo, tangu 2013 hadi 2023. Aliyeuvunja mfululizo huo mwaka 2024 alikuwa nani? Ni Bayer Leverkusen, timu ya kiwanda, na hawakufungwa hata mchezo mmoja wa ligi. Basi uanachama ni ngao, si mkuki.

Natuje sasa karibu na kwetu. Katika mji wa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1939 mapadre wa Kibenediktini waliunda timu kwa ajili ya wanafunzi wa shule yao. Timu hiyo ya shule ndiyo iliyokuja kuitwa TP Mazembe. Ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikalala miaka mingi. Mwaka 1997 Moïse Katumbi, mfanya biashara wa Katanga, akawa rais wake na mfadhili mkuu. Alileta wachezaji kutoka Zambia, Tanzania na kwingineko, akajenga uwanja wa klabu katika mtaa wa Kamalondo uliofunguliwa mwaka 2011, na kuanzisha mafunzo ya vijana. Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika tena mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010 waliwafunga Internacional wa Brazil mabao 2 kwa 0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, ambako walishindwa na Inter Milan. Katika ubingwa wa 2015 mmoja wa wafungaji wao alikuwa Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania.

Mwaka 2016 Katumbi aliingia katika ugomvi wa siasa, akaishi nje ya nchi hadi mwaka 2019. Timu ilichukua Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2016 na 2017 naye hayupo, kwa maana uwanja, walimu na wachezaji aliowakusanya walikuwa bado wapo. Baada ya hapo timu ya wanaume haikupata kombe la Afrika kwa miaka mingi, ingawa ile ya wanawake ilishika ubingwa wa Afrika mwaka 2024. Mfadhili aliyejenga kitu hudumu zaidi ya mfadhili aliyenunua watu tu. Walakini naye ana mwisho.

Dar es Salaam nayo imelikabili swali hili. Yanga, iliyoundwa mwaka 1935, na Simba, iliyoundwa mwaka 1936, zilikuwa za wanachama tangu mwanzo. Mwaka 2017 Mohamed Dewji alikubaliwa kuwekeza katika Simba kwa shilingi bilioni 20, na serikali ikaweka kanuni kwamba wanachama wasipungukiwe na hisa 51 katika 100. Simba wakachukua ubingwa wa nchi tangu 2018 hadi 2021. Yanga nao, wakisaidiwa na kampuni ya GSM, wakauchukua tangu 2022 hadi 2025. Pande zote mbili fedha zilionekana uwanjani.

Wanafunzi wa zamani wasomao gazeti hili, wengine wenu ni wanachama wa vilabu, na siku moja mtaombwa kuinua mkono katika mkutano ili timu ipewe mtu. Kabla ya kuinua, ulizeni mambo matatu. Fedha hizi ni za kutoa au ni za kukopesha, na kama ni mkopo atalipa nani? Ni nani atakayemchagua mwalimu, tajiri au mtu ajuaye mpira? Na mtu huyu akiondoka, tutabaki na nini: uwanja, vijana waliofundishwa, au barua za wadai? Asiyependa kuulizwa hayo mbele ya mkutano hatapenda kuulizwa baadaye. Wazee walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari.